Alama ya kuuliza mbele ya neno kolaitisi

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu maneno wanayokutana nayo hospitalini, kwenye kadi, kwenye karatasi za vipimo na katika mazungumzo ya mlangoni mwa chumba cha daktari. Mwezi huu barua tatu kutoka kanda yetu ya kaskazini zimegusa neno lilelile. Kwa kuwa ya kwanza imebeba hofu ya familia nzima, nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, na nawaomba radhi wasomaji ambao maswali yao yamesogezwa hadi toleo lijalo.

*

Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Pasua, Moshi. Baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 58, amekuwa akiharisha kwa zaidi ya wiki tano, choo kikiwa na kamasi na siku nyingine damu, na usiku huamka mara tatu hadi nne kwenda msalani. Tulimpeleka hospitali, akapimwa damu na choo, akapangiwa tarehe ya kurudi kwa kipimo cha kamera. Kwenye karatasi tuliyopewa pameandikwa alama ya kuuliza, kisha neno "kolaitisi" kwa tahajia ya Kiingereza, basi. Shemeji yangu alilitafuta neno hilo kwenye simu, akaletewa "uvimbe wa utumbo mpana". Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mama halali, na baba mdogo ameshaitisha kikao cha ukoo kuzungumzia michango ya matibabu ya saratani. Jirani yetu naye anasema tusihangaike kwa kuwa hivyo ni vidonda vya tumbo tu, na amemletea baba dawa alizobakiza mwenyewe. Tunaomba utueleze neno hili maana yake ni nini, na kama ni saratani au siyo. — Binti wa Pasua

Marahaba binti yangu, na umpe baba pole zangu. Nianze na jibu la swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalomnyima mama usingizi: neno kolaitisi halina maana ya saratani. Mimi si daktari, nilikuwa mwalimu wa lugha na istilahi katika chuo cha uuguzi, na kwa hiyo siwezi kukwambia baba yako anaumwa nini. Ninachoweza kukwambia kwa uhakika ni kile ambacho neno lenyewe linasema na kile ambacho halisemi, na katika barua yako yapo mambo matatu yaliyochanganywa ambayo yakitenganishwa hofu itapungua.

Fikiria jicho jekundu. Mtu akiamka asubuhi jicho limeiva, linachuruzika machozi, kope zimejaa na mwanga unamuumiza, kila anayemtazama ataona kwamba jicho hilo lina tatizo, lakini hakuna atakayejua chanzo kwa kulitazama tu. Huenda aliinamia jiko la kuni lenye moshi, huenda amepigwa na vumbi la kiangazi akiwa nyuma ya bodaboda, huenda ameambukizwa virusi vile vinavyoenea mashuleni, au huenda ni mzio. Wekundu, kujaa, joto na maumivu ni jibu la mwili kwa jambo fulani lililoukera. Mwandishi wa Kirumi Celsus aliziorodhesha dalili hizo nne katika karne ya kwanza, na hadi leo wanafunzi wa udaktari huzikariri. Kolaitisi ni hali hiyohiyo, ila imetokea kwenye ngozi laini ya ndani ya utumbo mpana, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo, yenye urefu wa takriban mita moja na nusu, ambayo kazi yake kubwa ni kufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Ngozi hiyo ikiwa nyekundu na kujaa, haifyonzi maji ipasavyo, hutoa kamasi nyingi, na pale inapochubuka huvuja damu. Dalili zote ulizoziandika kuhusu baba zinaelezeka kwa njia hiyo.

Sasa tuje kwenye tafsiri ya shemeji. Simu haikudanganya sana, ila ilichagua neno lenye sura mbili. "Uvimbe" kwa Kiswahili cha zamani ni hali ya kuvimba tu: mguu umevimba, shavu limevimba kwa jino bovu, na mtu akasema ana uvimbe. Lakini katika mazungumzo yetu ya leo, hasa hospitalini, mtu akisema "wameniona nina uvimbe" anamaanisha kitu kilichoota, donge lenye umbo lake, kama vile uvimbe kwenye kizazi au uvimbe kwenye titi. Kwa hiyo familia iliposoma "uvimbe wa utumbo mpana" ilisikia donge, na kutoka donge hadi saratani ni hatua moja fupi. Jambo la kushangaza ni kwamba Kilatini kilipita njia hiyohiyo kabla yetu. Miongoni mwa zile dalili nne za Celsus imo "tumor", na kwake neno hilo lilikuwa na maana ya kuvimba tu, lakini leo daktari akilitamka mgonjwa husikia jambo jingine kabisa. Naona hatuna haja ya kumlaumu shemeji. Tungepaswa kuwalaumu zaidi sisi wafasiri, ambao tumeendelea kuandika "uvimbe" kwenye vipeperushi huku tukijua vizuri neno hilo linasikika vipi sebuleni.

Sitaki hata hivyo kukutuliza kwa kukuficha. Wapo watu ambao saratani ya utumbo mpana hujitokeza kwa damu kwenye choo, na ndiyo maana daktari hakukubali kuishia kwenye kipimo cha choo. Vilevile, aina mojawapo ya kolaitisi, ile ya muda mrefu yenye vidonda, ikienea sehemu kubwa ya utumbo kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa saratani, kiasi kwamba wenye ugonjwa huo huanza kuchunguzwa kwa kamera mara kwa mara ikifika takriban miaka minane tangu dalili zilipoanza. Hayo lakini ni mambo ya kufuatilia, na hayapo kwenye karatasi mliyopewa.

Kwenye karatasi hiyo, alama ya kuuliza ina uzito sawa na neno lililoifuata. Madaktari huiweka mbele ya jina la ugonjwa wanapotaka kusema "nadhani ni hili, lakini bado sijathibitisha". Mwandishi wa karatasi ile amesikiliza maelezo ya baba, amemminya tumbo, ameona matokeo ya awali, na amehisi kwamba utumbo mpana umewaka kwa ndani, na sasa anataka kuuona kwa macho kabla ya kusema zaidi. Kipimo mlichopangiwa huitwa kolonoskopi: mrija mwembamba unaopinda, wenye kamera na taa nchani, hupitishwa kwenye njia ya haja kubwa na kupanda taratibu hadi mwanzo wa utumbo mpana. Siku moja kabla, mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo, nayo humkalisha msalani saa nyingi, na wengi husema maandalizi yanachosha kuliko kipimo. Wakati wa kipimo daktari anaweza kukata vinyofu vidogo sana vya ngozi ya utumbo na kuvipeleka maabara. Nalisema hili mapema kwa sababu najua litakalotokea: mtu mmoja atatoka akisema "wamekata nyama", na kikao cha ukoo kitaitishwa tena. Vinyofu hukatwa karibu kila mara kolaitisi inapodhaniwa, hata pale ambapo daktari hafikirii saratani hata kidogo, kwa kuwa aina nyingi za kolaitisi hufanana kwa macho na hutofautishwa kwa darubini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kolaitisi ni jina la mahali na hali, halitaji aliyesababisha. Ni kama kuambiwa kwamba nyumba fulani ya Majengo inaungua, bila kuambiwa kama ni hitilafu ya umeme, kibatari au mkono wa mtu. Katika mazingira yetu, orodha ya wanaoweza kuwasha moto huo ni ndefu. Wapo bakteria wa shigela, walioitwa hivyo kwa heshima ya Kiyoshi Shiga, Mjapani aliyewatambua mwaka 1897, na ambao huleta kuhara damu kwa ghafla pamoja na homa. Ipo amiba, kidudu cha seli moja ambacho daktari Lösch alikieleza mwaka 1875 huko St. Petersburg baada ya kukiona kwenye choo cha mgonjwa, nacho kinaweza kukaa tumboni kwa wiki nyingi kikichimba vidonda taratibu. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na mayai yake hujeruhi ukuta wake, na ndiyo maana nakusihi, kama baba analima mpunga kwenye majaruba ya upande wa Chekereni au amekuwa akisimama kwenye maji ya mifereji, jambo hilo aambiwe daktari hata kama hakuulizwa. Kifua kikuu nacho hushuka hadi kwenye utumbo. Dawa za kuua bakteria, zile tunazonunua dirishani bila cheti kila koo linapowasha, zinaweza kuua bakteria wema wa utumbo na kumwachia nafasi mkorofi mmoja aitwaye klostridia difisile, anayeleta kolaitisi yake mwenyewe. Mionzi ya matibabu na kupungua kwa damu inayofika kwenye utumbo, hasa kwa wazee, ni visababishi pia.

Halafu kuna kundi ambalo halina kidudu cha kulaumiwa. Mwaka 1859 daktari Samuel Wilks wa London alieleza utumbo wa mgonjwa aliyefariki, na akaona kwamba ugonjwa ule haukuwa kuhara damu kulikozoeleka. Kutoka hapo likaanza kujengeka jina la kolaitisi ya vidonda. Ugonjwa huo huanzia kwenye puru, yaani mwisho kabisa wa utumbo, na kupanda juu bila kuruka sehemu, nao huja na kuondoka kwa vipindi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wageni, huwa inaupiga utumbo wenyewe. Kwa nini inafanya hivyo kwa mtu huyu na si kwa ndugu yake wanayekula naye sahani moja, sayansi imepata sehemu tu ya jibu.

Utaona sasa kwa nini nimesumbuka kueleza yote haya badala ya kukupa tafsiri ya neno moja. Tiba za kolaitisi mbili zinaweza kupingana. Kolaitisi inayotokana na kinga ya mwili hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga hiyo, zikiwamo zile za jamii ya steroidi kama prednisoloni. Dawa hizohizo akipewa mtu ambaye kumbe ana amiba, kinga yake hulegea, amiba husambaa, na utumbo unaweza kutoboka. Kinyume chake, mtu mwenye kolaitisi ya kinga anaweza kumeza metronidazoli za amiba mwezi mzima bila kupona, huku akiendelea kupoteza damu. Neno kwenye karatasi zao lingekuwa lilelile. Kwa hiyo mtakaporudi hospitali msiridhike na neno moja. Mwulizeni daktari kwa adabu: "Ni kolaitisi ya nini?" Akijibu "ya amiba" au "ya vidonda" au "bado tunasubiri majibu ya vinyofu", jibu hilo liandikwe, na karatasi zote zihifadhiwe pamoja, kwa kuwa atakayemtibu baba baada ya mwaka mmoja huenda akawa mtu mwingine.

Limebaki suala la jirani na vidonda vyake vya tumbo. Nia yake ni njema, lakini arudishiwe dawa zake. Katika Kiswahili cha hospitali, "vidonda vya tumbo" ni jina lililokwisha kupewa ugonjwa mmoja tu: vidonda vya kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba, huko juu, ambako tindikali hutoka. Dawa za kupunguza tindikali hufanya kazi huko. Utumbo mpana uko mita kadhaa chini, baada ya chakula kupita utumbo mwembamba wote wenye urefu wa takriban mita sita, na huko hakuna tindikali ya kupunguza. Shida ni kwamba kwetu "tumbo" ni kila kitu kuanzia chini ya kifua hadi kwenye nyonga, kwa hiyo aliyesikia daktari akitaja kolaitisi ya vidonda, au hata aliyesikia neno "vidonda" peke yake, hukimbilia jina analolijua. Nimewahi kukutana na mama mmoja aliyekunywa dawa za tindikali kwa miezi minne kwa sababu hiyo. Mwepusheni baba pia na diklofenaki na ndugu zake wa kutuliza maumivu, mpaka daktari aseme, kwa kuwa zinaweza kuuchokoza utumbo uliokwisha kuwaka.

Wakati mnasubiri tarehe, anywe maji ya chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini, na ale anachoweza. Mtori mlaini haumdhuru, ingawa haumtibu pia. Tarehe hiyo isisubiriwe hata hivyo ikiwa damu itaongezeka, tumbo litajaa na kuwa gumu, homa itapanda, au atasikia kizunguzungu akisimama. Hapo apelekwe siku hiyohiyo. Na baba mdogo aambiwe kwamba michango si vibaya ikaendelea, maana kipimo cha kamera nacho kina gharama zake, ila jina la ugonjwa kwenye daftari la michango lisiandikwe kwanza.

*

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, ninaishi Ngaramtoni, Arusha. Tulipewa kazi ya kuandaa kwa Kiswahili karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa kolaitisi. Mmoja wetu aliandika "mchochota wa utumbo mpana", mwingine "homa ya utumbo", na mimi niliandika "uvimbe wa utumbo". Mkufunzi alitukata wote watatu, lakini hakutupa neno la kuweka badala yake. Lipi ni sahihi, na kwa nini Kiswahili hakina neno moja la kumalizia kama wenzetu walivyo na hilo "-itisi" lao?

Uvimbe nimekwisha kulijadili hapo juu, na nakuomba ulisome jibu la binti wa Pasua kama sehemu ya jibu lako. Nianze na mwisho wa swali, kwa kuwa huo ndio unaofungua mengine.

Hiyo "-itisi" haikuzaliwa ikiwa na maana ya kuvimba wala kuwaka. Kwa Kiyunani ilikuwa kiambishi tu cha kuunda kivumishi, chenye maana ya "-a" unganifu yetu, yaani "wa" au "ya" kitu fulani. Walisema "nosos arthritis", ugonjwa wa viungo, na "nosos nephritis", ugonjwa wa figo, kisha kwa uvivu uleule tulio nao sisi wakaliacha neno la ugonjwa na kubaki na kivumishi. Sisi husema "mzee ana sukari", "shangazi ana presha", "yule dada ana figo", na hakuna anayedhani kwamba sukari au figo ni jina la ugonjwa, maana kila mtu anajua neno "ugonjwa wa" limemezwa. Wayunani walifanya hivyohivyo. Maana ya kuwaka ilikuja kubandikwa na madaktari wa Ulaya karne nyingi baadaye, walipoamua kukitumia kiambishi hicho kwa aina moja tu ya ugonjwa. Kwa hiyo kolaitisi, kwa asili yake, ni "ya utumbo mpana", na ukilitafsiri kwa uaminifu wa kupindukia hutabaki na kitu.

Kiswahili chenyewe kimezoea kuita ugonjwa kwa kile ambacho mgonjwa anakisikia au jirani anakiona. Nimonia ni kichomi kwa sababu inachoma ubavuni, na ugonjwa wa viungo ni baridi yabisi kwa sababu viungo hukauka na kugoma asubuhi ya baridi. Kuhara damu hakuhitaji maelezo. Pale tulipotaka kutaja mahali, tulitumia "homa ya": homa ya ini, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo. Ni njia nzuri, na mwenzako aliyeandika "homa ya utumbo" alifuata kanuni ya lugha kwa usahihi kabisa. Bahati mbaya kiti hicho kimekaliwa. Homa ya matumbo ni taifodi, na mgonjwa atakayesoma "homa ya utumbo" kwenye karatasi yenu ataenda kupimwa taifodi, atakutwa nayo au hatakutwa, na kwa vyovyote atakuwa amepotea njia. Utaona kwamba hivi ndivyo ilivyo kwa karibu kila jina la Kiswahili unaloweza kulifikiria kwa eneo hili la mwili: kuhara damu kuna mwenyewe, vidonda vya tumbo vina mwenyewe, uvimbe una mwenyewe, homa ya matumbo ina mwenyewe. Kolaitisi imefika ukumbini ikiwa imechelewa, viti vyote vimejaa.

Mchochota ndiyo pekee ambayo haina mwenyewe, na nakiri naipenda. Ina ule mwasho wa moto ndani yake, inatokana na kuchochota, na wafasiri wa maandiko ya afya wameitumia. Kasoro yake ni kwamba wagonjwa wengi hawajawahi kuisikia. Mgonjwa asiyelijua neno la Kiswahili yuko pabaya kuliko asiyelijua neno la kigeni, kwa sababu la kigeni ataliuliza, na la Kiswahili ataona aibu kuliuliza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa karatasi yenu ni huu: andikeni "kolaitisi", kwa tahajia ya Kiswahili, ili alitambue atakapolisikia kwa daktari, na papo hapo lifuatishwe na sentensi, si na nomino. Kwa mfano: "Kolaitisi ni hali ambayo ngozi ya ndani ya utumbo mpana imekuwa nyekundu, imejaa na inachubuka kwa urahisi, hali hii ina visababishi vingi, na daktari atakuambia chako ni kipi." Mchochota tuutunze kwa vitabu vya chuo mpaka uzoeleke. Kisarufi, kolaitisi ifuate ngeli ya maneno ya mkopo: kolaitisi hii, kolaitisi yake, kolaitisi zote mbili.

Kumbukeni pia kwamba majina ya jamii hii hubadilika kwa mahali, na mgonjwa anaweza kukutana na mengine. Enteritisi ni ya utumbo mwembamba, gastroenteritisi inachanganya na mfuko wa chakula, proktitisi ni ya puru peke yake, ileitisi ni ya kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Hili la mwisho lina kisa kinachofaa kusimuliwa darasani. Mwaka 1932 madaktari Crohn, Ginzburg na Oppenheimer wa New York walieleza ugonjwa waliouona kwenye kipande hicho, na kwa kufuata desturi wakauita ileitisi. Baadaye ikabainika kwamba ugonjwa huohuo unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, ukiruka sehemu na kuacha nyingine zikiwa salama, na kwamba unazama hadi kwenye unene wote wa ukuta wa utumbo. Jina la mahali likawa dogo kuliko ugonjwa, likaachwa, na leo unaitwa ugonjwa wa Crohn. Kwa hiyo hata wenzetu wenye kiambishi cha kumalizia hufika mahali kikawaangusha.

*

Mimi ni mama wa miaka 44, wa Usa River. Miaka kumi na tano iliyopita niliambiwa nina "kolaitisi ya mawazo", nikaandikiwa hivyo kwenye kadi. Mwaka huu nimepimwa kwa kamera na daktari mwingine, akasema utumbo wangu ni mzima kabisa na sijawahi kuwa na kolaitisi. Tumbo bado linanisumbua, hujaa gesi, leo nafunga choo, kesho naharisha. Nani kati yao alikosea?

Inawezekana wote wawili waliona jambo lilelile, ila wa kwanza alitumia jina lililopitwa na wakati. Zamani madaktari waliita hali yako kolaitisi ya kamasi, kolaitisi ya mkazo au kolaitisi ya mawazo, wakidhani kwamba utumbo unaosumbua hivyo lazima uwe umewaka. Kamera na darubini zilipokuja, wakaukuta ukuta wa utumbo ukiwa mzima: hakuna wekundu, hakuna mchubuko. Tatizo liko kwenye mwendo wa utumbo na jinsi mishipa ya fahamu inavyousikia, na mawazo kweli huweza kuuchochea, ingawa maumivu yenyewe ni ya kweli na si ya kujitungia. Kwa kuwa hakuna kilichowaka, jina la kolaitisi limeondolewa, na leo hali hiyo huitwa IBS, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya utumbo unaokereka kwa urahisi. Tofauti yenu na yule mzee wa Pasua ni kubwa: hali yako haileti damu kwenye choo, haipunguzi uzito, na kwa kawaida haimwamshi mtu usiku wa manane. Ukiona mojawapo ya hayo, ni jambo jipya na linahitaji kupimwa upya.

Nakushauri uende na ile kadi ya zamani kwa daktari wako wa sasa, umwombe alikate jina la kwanza kwa mstari mmoja na kuandika la pili pembeni pamoja na tarehe, kwa sababu siku ukifika hospitali nyingine ukiwa huwezi kujieleza, atakayekupokea atasoma kadi, na asipoonywa anaweza kukuanzishia dawa za ugonjwa usio nao.